Graniti Hii Ilizaliwa Wapi? Asili ya Graniti Zenye Madini na Mwendo wa Mabamba ya Dunia

(Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wanajiolojia na wanafunzi wao. Baadhi ya waliokosa kufika wameomba maandishi yake, nami nayaweka hapa kamili, isipokuwa michoro iliyooneshwa ukutani, ambayo nimeiacha.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mlioyavunja mawe haya kabla yetu, wenzangu wa kazi, nanyi wanafunzi mliojazana safu za nyuma kana kwamba maswali hayafiki huko: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nianze na bonde la Glen Tilt, Uskoti, mwaka 1785. Wakati ule Abraham Gottlob Werner alikuwa akifundisha huko Freiberg, Ujerumani, kwamba graniti iliganda kutoka katika maji ya bahari ya kale iliyoifunika dunia nzima, na kwamba kwa hiyo hakuna mwamba unaoizidi kwa ukongwe. James Hutton hakukubali. Yeye alishuku kwamba graniti ilikuwa uji wa moto uliopanda kutoka chini, na akajiuliza: kama ndivyo, je, hapapaswi kuwa na mahali ambapo uji huo umejipenyeza ndani ya miamba iliyoutangulia? Alikwenda Glen Tilt kupatafuta mahali hapo, na kandokando ya mto akakuta mishipa myekundu ya graniti imeichana miamba ya zamani na kutawanyika ndani yake kama mizizi. Rafiki yake John Playfair anasimulia kwamba Hutton alifurahi kiasi cha kuwafanya waongozaji wake waamini kuwa amegundua mshipa wa fedha au wa dhahabu.

Walikosea wale waongozaji, lakini kosa lao limekuwa swali la taaluma yetu kwa zaidi ya miaka 200. Mtu akiiona graniti, kwa nini asitarajie madini ndani yake? Mbona kusini ya kisiwa hichohicho, katika rasi ya Cornwall, graniti imetoa bati tangu zama za kale, na pale Glen Tilt Hutton hakupata mshipa wa fedha bali hoja tu?

Graniti nyingi ni tasa. Narudia, kwa kuwa wanafunzi hulisahau jambo hili na wenye mitaji hawapendi kulisikia: graniti nyingi ni tasa. Tani moja ya ganda la dunia, kwa wastani, ina gramu mbili hivi za bati, nayo graniti ya kawaida haizidi hapo kwa kiasi cha kumnufaisha mtu. Ili mwamba mgumu uitwe mbale ya bati, yaani jiwe linalostahili kuchimbwa, unahitaji kilo kadhaa katika tani hiyohiyo. Basi maumbile hayana budi kuikusanya bati zaidi ya mara elfu moja. Shaba ni nafuu kidogo: ipo gramu 30 hivi kwa tani, na migodi mikubwa ya leo huridhika na kilo tano, hivyo mkusanyo wa mara 170 hivi unatosha. Nani anayefanya kazi hiyo ya kukusanya, na anaanzia wapi?

Hoja yangu ya leo ni kwamba sehemu kubwa ya jibu huwa imekwisha kuandikwa kabla magma, yaani ule uji wa mawe, haijapanda hata hatua moja. Imeandikwa katika mwamba ulioyeyuka, na katika mahali ulipoyeyukia ndani ya mwendo wa mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya tabaka lake gumu la juu vinavyotembea polepole. Yanayofuata baadaye huweza kuiharibu bahati hiyo kwa urahisi, lakini ni nadra kuiumba pasipokuwapo.

Tuanze basi na mwamba mzazi. Graniti tunaijua sote: kwatzi, feldispa za aina mbili, na ulanga kidogo. Mwaka 1958 Tuttle na Bowen walichapisha majaribio yaliyoonesha kwamba mchanganyiko huo, ukiwa na maji ya kutosha na ukigandamizwa kama unavyogandamizwa ndani ya ganda la dunia, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 650 hivi za Selsiasi, ilhali ukiwa mkavu hudai zaidi ya nyuzi 900. Majaribio hayo yalituliza ugomvi mkubwa, kama graniti kweli ni uji ulioganda, lakini yalizaa swali jingine. Ikiwa miamba mingi tofauti inaweza kuyeyuka na kutoa uji unaofanana, tutamtambuaje mzazi kwa kumtazama mtoto?

Jibu lilitoka kusini-mashariki mwa Australia. Bruce Chappell na Allan White walikuwa wakichora ramani za graniti zilizokaa jirani kabisa, za umri unaokaribiana, na zenye sura ambayo mpita njia angesema ni moja. Walipozitazama kwa makini waliona kwamba baadhi zina honiblendi, madini meusi, na ndani yake mna vipande vyeusi vya miamba ya moto. Nyingine zina ulanga mweupe na kodieriti, na vipande vilivyosalia ndani yake ni vya miamba ya mashapo iliyopikwa. Mwaka 1974 wakaandika kwamba hizi ni koo mbili. Ule wa kwanza, walioupa herufi I, ulitokana na kuyeyuka kwa miamba ya moto. Wa pili, wenye herufi S, ulitokana na mashapo.

Napenda tusimame hapa kidogo, kwa kuwa jambo hili lina uzuri wake. Mwamba unapochakaa juu ya uso wa dunia, mvua huosha sodiamu na kalisi na kuzipeleka baharini, na alumini hubaki nyuma katika udongo wa mfinyanzi. Udongo huo huzolewa, hutandazwa, hufukiwa, na baada ya mamilioni ya miaka huzama kilomita 20 au 30 na kuyeyuka. Graniti inayozaliwa hapo ina alumini nyingi na upungufu wa sodiamu na kalisi. Kwa maneno mengine, jiwe lililoganda gizani kabisa bado linakumbuka mvua iliyonyesha juu ya mlima ambao haupo tena. Na ulanga uliojaa ndani ya mashapo yale ndio ghala la bati, wolframu na lithi. Joto likiuvunja, hutoa maji yake pamoja na shehena yake, na vyote viwili huingia katika uji.

Je, herufi hizo mbili zinatosha? Hazitoshi, na hapa ndipo ninapofika kwenye sumaku.

Mwaka 1977 Shunso Ishihara wa Japani alipendekeza mgawanyo ambao mtu anaweza kuufanya akiwa ameinama kando ya mto. Graniti nyingine zina magnetiti, nazo huivuta sumaku. Nyingine hazina, na chuma chake cheusi ni ilmeniti, ambayo sumaku ya mkononi haiijali. Ishihara alionesha kwamba nchini mwake molibdeni hufuatana na graniti za magnetiti, na bati na wolframu hufuatana na zile za ilmeniti. Kinachopimwa hapo kwa hakika ni kiasi cha oksijeni ambacho magma iliweza kukitumia wakati ikiganda: ya kwanza ilikuwa nayo tele, ya pili ilikuwa na njaa nayo, mara nyingi kwa sababu ilipita katika mashapo meusi yenye kaboni, au ilizaliwa kwayo.

Nina aibu moja inayohusu sumaku, nami naomba mnivumilie niisimulie. Nikiwa mwanafunzi nilitumwa kukusanya vipande vya graniti kutoka kwenye vilima kadhaa na kuvigawa kwa njia hii. Nilifanya kazi siku tatu, nikijaribu sumaku juu ya kila jiwe, nikaandika katika daftari langu kwa mwandiko wa kujivuna kwamba vilima vyote vile ni vya fungu la ilmeniti. Mwalimu wangu alisoma, hakusema neno, akaokota jiwe langu mojawapo na kuligonga kwa nyundo katikati. Ndani, sentimita mbili kutoka kwenye ngozi, jiwe lilikuwa na rangi nyingine kabisa, la kijivu safi, na ile sumaku ikanata papo hapo kwa mlio mdogo. Nilikuwa nimepima magamba. Nje, magnetiti ilikuwa imekwisha kuoza na kugeuka hematiti nyekundu. Tangu siku hiyo sipimi jiwe ambalo sijalivunja.

Kwa nini oksijeni iwe na neno katika habari ya bati? Tazameni ukumbi huu. Viti vimepangwa, na kila kiti kina kipimo chake. Magma inapopoa, fuwele zinazoanza kukua huwa ni kama viti hivi: kila chembe inayotosha hukaa, na isiyotosha hubaki imesimama. Bati lenye oksijeni nyingi hubeba chaji nne, na kwa ukubwa linakaribiana na titani. Basi hukaa popote titani inapokaa, katika sfeni, katika magnetiti, katika honiblendi, chembe moja huku na nyingine kule, likatawanyika lisipatikane tena. Bati lenye uhaba wa oksijeni hubeba chaji mbili na ni kubwa mno; halina kiti. Fuwele zinajaa, uji unapungua, bati limesimama. Zikiganda sehemu tisa katika kumi za uji, sehemu ile moja iliyosalia ina karibu bati lote.

Shaba nayo hutaka kinyume chake, na ushahidi wake tuliurushiwa angani. Tarehe 15 Juni 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka na kutoa takriban tani milioni 15 hadi 20 za gesi ya dioksidi ya salfa. Wataalamu walipochunguza mawe mapovu yaliyoanguka siku zile walikuta ndani yake anhidriti, ndugu wa jasi asiye na maji, madini ambayo huumbwa pale salfa inapokuwa imeshikana na oksijeni. Maana yake ni nini? Katika magma yenye uhaba wa oksijeni, salfa hujitenga na kuwa matone mazito ya salfaidi, yaani salfa iliyoshikana na metali, na shaba na dhahabu, ambazo huipenda salfaidi kuliko chochote, huzama nazo chini kusikofikika. Katika magma kama ya Pinatubo matone hayo huwa haba au hayatokei kabisa, kwa hiyo shaba hubaki katika uji ikisubiri maji ya kuichukua. Sisemi kwamba chini ya Pinatubo kuna mgodi. Nasema kwamba tulioneshwa aina ya magma ambayo migodi ya shaba huihitaji.

Sasa tupande juu zaidi na kuitazama dunia yenyewe ikitembea. Niruhusuni nipite upesi katikati ya bahari, mahali mabamba yanapoachana, maana graniti ya huko ni kidogo, haina potasiamu ya kutosha, na hakuna anayeifuata kwa ajili ya bati. Twende Andes.

Bamba la Nazca, lililo chini ya bahari upande wa magharibi, linazama chini ya Amerika ya Kusini. Linapofika kina cha kilomita 100 hivi, maji yaliyofungwa ndani ya madini yake hukamuliwa na kupanda katika koti la dunia, tabaka lililo chini ya ganda, lililo juu ya bamba hilo, na koti hilo, ambalo lisingeyeyuka kwa joto lile likiwa kavu, huyeyuka. Uji huo hupanda hadi chini ya ganda la bara, hukwama, huganda kwa sehemu, huyeyusha miamba jirani, huchanganyika nayo, na kuanza safari tena ukiwa na silika nyingi zaidi, maji mengi zaidi na oksijeni ya kutosha. Mwaka 1972 Richard Sillitoe aliunganisha mlolongo huo na migodi ya shaba ya porfiri, ambamo shaba imetapakaa katika mwamba wenye fuwele kubwa ndani ya chembe ndogo, na leo tunajua kwamba migodi ya aina hiyo hutoa takriban robo tatu ya shaba ya dunia. Chuquicamata, iliyoko kaskazini mwa Chile, ina umri wa zaidi ya miaka milioni 30. El Teniente, iliyoko katikati ya nchi hiyo, haijafikisha milioni saba. Jambo la kutazama ni kwamba migodi hii haikutapakaa ovyo katika muda wote ambao bamba limekuwa likizama. Imejikusanya katika vipindi vifupi, hasa pale milima ilipokuwa ikibanwa na ganda likinenepa, hivi kwamba magma ilizuiwa chini, ikakomaa, ikajaa maji.

Hapo wengi humalizia somo, nami hapo ndipo ninapotaka tuanze. Ukiondoka pwani ya Chile na kwenda mashariki mpaka Bolivia, shaba hupungua na mbele yako hutokea bati na fedha: Llallagua, Potosí, mkanda mzima. Bamba linalozama ni lilelile. Milima ni ileile. Kilichobadilika ni nini? Ni kile kilicho chini ya miguu yako. Kule mashariki ganda lina mashapo mazito ya kale, meusi, yenye kaboni na ulanga, na magma iliyopita humo ilipokonywa oksijeni yake na kupewa bati. Basi anayesema kwamba mahali pa kuzama mabamba ni mahali pa shaba amesema nusu ya neno. Mwendo wa mabamba huleta moto na maji. Urithi huletwa na ganda lenyewe.

Na pale ambapo mabara mawili yamegongana, bahari iliyokuwa kati yao ikiwa imekwisha kuzama yote? Hapo moto si mwingi kama tunavyodhani, bali ganda lililonenepa huhifadhi joto lake, na mgongano unapolegea, koti hupanda kidogo na kuliunguza kutoka chini. Graniti za Cornwall zilipanda kati ya miaka milioni 295 na 270 iliyopita, baada ya mgongano, si wakati wake. Safu kuu ya graniti ya rasi ya Malaya ilizaliwa katika enzi ya Triasi, wakati bahari ya kale ya Tethys ilipofungwa, na mkanda wake, unaoenea hadi visiwa vya Bangka na Belitung, ni mkubwa kuliko mikanda yote ya bati duniani. Sehemu kubwa ya bati hilo haikuvunjwa kutoka kwenye mwamba. Kasiteriti, madini yanayobeba bati, ina uzito karibu mara saba ya maji, hivyo mlima ulipokwisha kuoza na mto kuumomonyoa, mto uliiacha kasiteriti kwenye changarawe na kuondoka na mchanga.

Kuna pia graniti zilizozaliwa ambako hakuna kuzama wala kugongana, mahali bara linapovutwa na kukonda. Uwanda wa Jos, Nigeria, na sehemu zilizo kaskazini na kusini yake, zina graniti za mviringo, pete ndani ya pete, zenye umri wa kati ya miaka milioni 213 na 141 hivi, na kwa jumla hupungua umri kadiri unavyoelekea kusini. Ni kavu mwanzoni, lakini zina florini nyingi, na florini huulainisha uji na kuuchelewesha kuganda, kwa hiyo wale wasio na viti hupata muda mrefu wa kujikusanya: bati, niobi, tantali. Wenzetu wa Colorado, Marekani, wana migodi ya Climax na Henderson, ambako molibdeni ilikusanyika katika mazingira yanayokaribiana na hayo, bara lilipoanza kutanuka.

Hapa sina budi kutoa lalamiko. Mwaka 1984 Pearce, Harris na Tindle walitupatia mchoro wa rubidi, itriamu na niobi, elementi zilizomo kidogo sana ndani ya jiwe, ambao hutenganisha graniti za matao ya volkano yaliyo juu ya bamba linalozama, za migongano, za ndani ya mabamba na za katikati ya bahari. Ni mchoro mzuri, na wenyewe walituonya kuhusu mipaka yake. Lakini nimesoma ripoti nyingi ambamo mtu ameweka nukta kumi juu yake na kutangaza kwamba hapa palikuwa na bamba linalozama. Je, ikiwa graniti hiyo imeyeyushwa kutokana na miamba iliyozaliwa juu ya bamba lililozama miaka milioni 500 kabla yake? Mtoto atakuwa na pua ya babu. Mchoro huo humsoma mzazi kwanza, na mahali pa kuzaliwa kwa kupitia kwake tu.

Nimebakiza maji, na nitayaeleza kwa kuwapeleka mahali pamoja: jabali la Cligga Head, Cornwall, linaloitazama bahari. Graniti ya pale ina mistari, mweupe na kijivu, mweupe na kijivu, kama nguo iliyofumwa. Sogeza uso karibu na mstari mmoja. Katikati kuna uzi wa kwatzi usiozidi upana wa kidole, na ndani yake chembe za kasiteriti za rangi ya kahawia iliyoiva, na vipande vyembamba vyeusi vya wolframiti, madini ya wolframu. Pande zote mbili za uzi huo kuna ukanda wa kijivu, ambamo feldispa zote zimeliwa na mahali pake pamekaliwa na kwatzi na ulanga. Kisha graniti ya kawaida. Kisha uzi mwingine. Kila uzi ni ufa. Uji ulipokaribia kuisha, maji yaliyokuwa yameyeyuka ndani yake yalikosa nafasi, yakajitenga, yakapanuka, yakaupasua mwamba uliokwisha kuganda juu yake, na yakapanda yakiwa ya moto, yamejaa klorini na florini na kila kisichokuwa na kiti. Yalipopoa na kuila feldispa, yaliiacha shehena. Kilele cha graniti kikiwa kimebomolewa chote na mmomonyoko, mistari hii haipo tena, na mgeni atasema graniti ile ilikuwa tasa tangu mwanzo. Ndiyo maana porfiri nyingi za shaba tunazozijua ni changa: zilizaliwa kilomita chache tu chini ya ardhi, na milima mikongwe imekwisha kuzipoteza.

Muda wangu umekwisha, Ndugu Mwenyekiti, na nimeona ukitazama saa kwa adabu. Juu ya meza iliyo karibu na mlango nimeweka mawe matatu ya graniti, bila majina, pamoja na sumaku na kioo cha kukuzia. Wanafunzi watanieleza kila moja lilizaliwa na mwamba gani, na kama lilikuwa na njaa ya oksijeni. Yote matatu yana ngozi nyekundu. Nyundo iko chini ya meza.